Harusi ya Kidato cha Tatu

Ukiingia uchochoro wa nyuma ya Mkunazini, pale unapokata kushoto kwa fundi cherahani, utaikuta baraza ya saruji iliyong'ara kwa kukaliwa, na wakaaji wenyewe hawakosi, kwani wameiita Baraza la Usalama na wanaamini dunia wakiiacha asubuhi moja tu itapotea njia. Yupo Jecha, wanayemwita Antena kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Yupo Ubwa, wanayemwita Wakili, aliyeingia mahakamani mara mbili katika umri wake na mara zote mbili ni kutoa ushahidi wa mbuzi. Yupo Talal, wanayemwita Dubai, aliyekaa huko miezi mitatu akarudi na miwani ya jua na maoni. Na yupo Mahfoudh muuza kahawa, anayetia na kupokea vikombe na maneno yake ni machache. Baraza imeegemea nyumba ya Mwalimu Mansour, mwalimu wa jiografia, na asubuhi hiyo ya Jumatano wote wanne walijua kwa yakini kwamba nyumba haina mtu: mwalimu kenda Matemwe na wanafunzi wake kutazama wakulima wa mwani, na mkewe, Tahiya, yuko Jang'ombe kwa mama yake tangu ajifungue. Hilo la mkewe walikosea.

Tahiya alikuwa nyuma ya mlango. Kasimama peku, mtoto wa siku hamsini na tatu yuko ziwani, na hakuthubutu kukaa kwa sababu kitanda cha ukumbini kina mlio. Alitoka Jang'ombe alfajiri kuja kumuwahi mumewe, asimuwahi, akakuta chai imepoa na joho la harusi limetundikwa msumarini, bado linanuka udi. Joho lao. La harusi yao. Na udi ni yeye mwenyewe aliyemwambia aufukize, kwenye simu, wiki iliyopita, alipoulizwa, mke wangu, joho liko wapi, nalitaka kwa darsa, naye akamwelekeza, sanduku la chini ya kitanda, lifukize kwanza lisinuke sanduku, akacheka, akafurahi hata, maana darsa lilikuwa wazo lake yeye Tahiya. Mada ni utamaduni na masuala ya dunia na watoto walikuwa wakisinzia, ndipo alipomwambia Mansour, akiwa na mimba ya miezi tisa na miguu imevimba, wape ndoa, kila kundi lioneshe watu wa nchi moja wanavyooana, hapo watajua kama watu duniani kote ni watu tu. Jana mdogo wake kamwonesha simu. Video ya sekunde thelathini na nane. Ramani ya dunia ukutani, mkeka chini, Mansour ndani ya joho, mkono wake katika mkono wa Mzee Nasser, yule anayefungisha ndoa za watu mtaa mzima, na pembeni kakaa Mwalimu Hind wa historia, binti wa Mzee Nasser. Mzee kasema, nimekuozesha binti yangu Hind. Mansour kasema, nimekubali kumuoa. Darasa zima likapiga makofi. Hilo lilitokea Alkhamisi, na tangu Alkhamisi Mansour alimpigia simu kila siku baada ya adhuhuri, akauliza mtoto kama kwikwi imemuacha, akasimulia mpaka chaki iliyovunjika, na la joho hakulitia mdomoni.

— Mimi nawaambia ndoa imesimama, ndoa halali, alisema Antena kule nje.

— Haijasimama, alisema Wakili. Lile darsa.

— Darsa gani lenye walii?

— Walii wa maigizo.

— Yakhe, Mzee Nasser ni babaake Bi Hind au si babaake?

— Babaake.

— Wa maigizo?

Dubai alicheka mpaka kahawa ikampalia, na Mahfoudh akampiga mgongoni.

— Sasa hesabu na mie, Wakili, alisema Antena. Mume yupo. Walii yupo. Mashahidi wapo, Mwalimu Ahmada na yule wa kemia, wote watu wazima na akili zao.

— Yule wa kemia sina hakika.

— Tamko lipo, tumelisikia sote. Na chuoni, kwenye Kurani, tumefundishwa sote, kwa fimbo moja, kwamba ndoa ukiitamka kwa mzaha inakufunga vilevile. Unaniletea maigizo!

— Idhini! Wakili alipaza sauti. Idhini ya mwanamke iko wapi? Leteni idhini.

— Kaulizwa. Mie video nimeitazama mara kumi na moja. Mwanzo kabisa, babaake kamwambia, Hind, mwanangu, umeniidhinisha nikuozeshe? Bi Hind kaziba mdomo kwa mtandio, kacheka.

— Kucheka si idhini.

— Mwari akinyamaza imekuwa idhini, alisema Dubai. Huyu kacheka. Kucheka kumeshapita kunyamaza. Huyu kaidhinisha na nyongeza juu.

Tahiya alikijua kicheko kile. Alikitazama jana mara ngapi hata asiseme, akikirudisha kwa kidole, mtandio wa samawati, macho yaliyoinama, bega lililotikisika kidogo tu, na kila akikirudisha kilikuwa kizuri zaidi. Yeye siku yake alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Leo alimwonea wivu yule mwanamke kwa jambo hilo dogo, la kuweza kucheka.

— Lakini Wakili, alisema Antena, na sauti yake ikalainika kwa ubaya, mbona unaipigania hivi? Wanakulipa nini?

— Napigania sheria.

— Sheria ya posa mbili zilizorudi?

Mahfoudh alivigonga vikombe vyake, kring, kring.

— Ya kwanza haikurudi, alisema Wakili. Ilicheleweshwa.

— Miaka minne?

— Mzee Nasser aliniambia binti bado anasoma.

— Na ya pili?

— Aliniambia binti ameanza kazi.

— Basi kasoma, kaanza kazi, kaolewa, alisema Dubai. Kaolewa saa nne asubuhi baina ya kipindi cha hesabu na mapumziko. Weye umepeleka washenga wenye makoti, kulikuwa na joto, nakumbuka, na mwenzako kapeleka chaki.

— Usinichekeshe, Talal.

— Sikuchekeshi, nakupa pole.

— Na weye je? Wakili alimgeukia. Weye huna wivu? Miaka mingapi unasema unakwenda Dubai kutafuta mahari? Mwalimu kaoa bila kutoka mlangoni. Hata usingizi hupati, nakuona.

— Mie nalala vizuri.

— Unalala hapa barazani, mchana.

Antena akawatuliza kwa mkono kama mwenyekiti. Alitaka kusimulia lilivyotokea, na alisimulia. Msichana aliyepangwa kuwa bi harusi alikataa dakika ya mwisho, kakaake angemsikia. Mvulana aliyepangwa kuwa bwana harusi kila akishikwa mkono na Mzee Nasser alikufa kwa kicheko. Makundi mengine yameshamaliza, Wajapani, Wahindi, watu wa milima ya Peru, bado Unguja yenyewe, na kengele inakaribia. Mwalimu Mansour akasema tazameni basi, hivi, akakaa yeye. Bi Hind, aliyekuja kumsindikiza babaake, akasema mie nitakaa pahala pa bi harusi, tumalize. Mzee Nasser naye miaka thelathini anafungisha ndoa za watu. Kambiwa aseme jina lolote, kamwona bintiye mbele yake, ulimi ukashika njia uliyoizoea.

— Haukushika njia, alisema Dubai. Mie sikubali. Mzee yule kapanga.

— Kapanga nini?

— Nani anakwenda kwenye darsa la jiografia na halua?



— Halua? aliuliza Wakili, na sauti ilimtoka nyembamba.

— Sahani mbili. Mpwa wangu yumo darasani, kala. Na ya rangi ile nyekundu, ya harusi, si ile ya kulia kahawa. Mtu unaalikwa kueleza utamaduni, unabeba halua sahani mbili na shati umelipiga pasi na nyuma unakuja na binti? Yakhe!

— Lo, alisema Antena, na alisikika kuumia kwamba habari ile haikuanzia kwake. Kwa hiyo akatafuta kubwa kuliko hiyo. Basi nikwambieni mie msilolijua. Wazo zima la darsa ni la Bi Hind. Yeye ndiye aliyelitunga. Mwanamke yule ana kichwa.

Tahiya alitia pembe ya leso mdomoni akaing'ata. Mtoto aliliachia ziwa, akamtazama, akalishika tena.

— Na safari ya leo, aliendelea Antena. Matemwe. Mnadhani mwani?

— Mwani si wanatazama, bahari imekuwa moto, mwani unakufa, masuala ya dunia? alisema Mahfoudh, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu asubuhi.

— Mwani uko Matemwe miaka yote, hakuna aliyekwenda kuutazama. Leo, siku ya sita tangu ndoa, mwalimu kapanda basi saa kumi na mbili, kavaa kofia mpya. Na Bi Hind kapanda. Ile fungate ile.

— Fungate na wanafunzi arubaini?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Nani atashuku?

— Kama ndoa ya maigizo inasimama, alisema Dubai, akavua miwani, dalili kwamba linakuja kubwa, basi na hizo nyengine zimesimama. Fikirini. Watoto wa kundi la Japani wamekunywa kile kinywaji cha harusi za huko mara tatu, walitia sharubati, lakini wamekunywa. Kundi la India wamezunguka mshumaa mara saba. Binti wa fundi cherahani hapa sasa hivi ni mke wa mtu kwa sheria ya Japani na babaake anashona hana habari.

— Akitaka talaka?

— Tokyo. Hapa hawawezi kumpa.

— Nauli?

— Hapo ndipo penye siri. Somo hili, jamani, halikuandikwa Unguja. Limeandikwa nje. Wamekaa huko wameona Unguja harusi ghali, vijana hawaoi, wazee hawaozeshi, wakasema hawa tutawaoza kupitia jiografia. Mwaka huu ndoa. Mwakani watoto wanafundishwa ramani, wakimaliza kila mmoja ana mke wa bara lake.

— Laiti ningesoma jiografia, alisema Wakili taratibu.

Hakuna aliyecheka. Lilitoka rohoni.

— Na huyo mkewe wa Jang'ombe? aliuliza Mahfoudh.

— Huyo keshapitwa, alisema Antena. Mtoto mzuri, simsemi vibaya, lakini kaishia kidato cha nne, kaolewa, kazaa. Mwanamme kama Mansour anataka mtu wa kuzungumza naye mabara. Anarudi nyumbani ana Amerika ya Kusini kichwani, anakutana na nepi.

Hapo Tahiya aliitema pembe ya leso. Yeye! Yeye aliyepata alama ya juu ya jiografia darasa zima, aliyekuwa akimsahihishia Mansour ramani za wanafunzi usiku wa mitihani kwa sababu jicho lake linaona mto uliopotea kabla ya la mwalimu. Angeweza kufungua mlango wakati ule ule. Komeo liko mbele yake, mkono umeshalishika. Hakufungua. Alikhofu. Akifungua na wakamwambia usoni, Bi Tahiya, ndiyo, una mwenzio, itakuwa kweli, na sasa hivi, gizani humu nyuma ya mbao, ilikuwa bado ni maneno ya barazani. Mtoto hajatimiza hata miezi miwili. Atakwenda naye wapi? Atarudi Jang'ombe na kile kile kikapu?

— Asalaam alaykum. Shikamooni.

Sauti ya msichana. Tahiya alichungulia kwenye ufa: sare ya skuli, mtandio mweupe, karatasi juu ya daftari.

— Marahaba, mwanangu, alisema Antena. Nani weye?

— Maryam. Kidato cha tatu. Tumepewa dodoso tuzunguke mitaani tuulize watu utamaduni wa ndoa. Maswali saba tu.

— Umefika penyewe! alisema Dubai. Kaa. Mahfoudh, mpe kashata. Uliza.

Maryam aliuliza na wao walijibu kwa fujo, kila mmoja akimkata mwenzake. La kwanza, washenga huwa wangapi. Wakili alijibu hilo kwa uchungu na kwa urefu. La pili, mahari hupangwa na nani. La tatu, kwa nini bi harusi hufichwa. La nne, la tano, la sita, msichana aliandika mpaka mkono ukamuuma, na Antena akamwambia aandike pia kwamba majibu yametoka Baraza la Usalama.

— La saba, alisema Maryam, akalisoma polepole. Mume akioa mke mwengine, mke aliyepo huambiwa na nani, na huambiwa lini?



— Huambiwa, alisema Wakili, na... hebu soma tena.

Akasoma tena.

— Lazima huambiwa, alisema Antena. Kwa kawaida. Kuna mtu humwambia.

— Nani?

— Si... watu. Mtaa.

— Niandike mtaa?

— Usiandike mtaa! Andika mume. Mume humwambia.

— Kabla au baada?

— Kabla, alisema Wakili.

— Baada, alisema Dubai, papo hapo.

— Ami Talal, babaako alipooa wa pili, mamaako aliambiwa na nani? aliuliza Mahfoudh, si kwa ubaya, akitaka kujua tu.

Dubai akavaa miwani yake.

Nyuma ya mlango Tahiya aliegemeza kipaji cha uso kwenye mbao. Mama yake yeye aliambiwa na muuza mchicha. Alikuwa anachagua fungu, na muuza mchicha akamwambia, mwenzio huchukua mawili, na mama akauliza, mwenzangu nani? Akalipa, akapika ule mchicha, wakaula. Miaka kumi na saba, na nyumbani kwao mchicha haukupikwa tena, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

— Mwalimu kasema tusiache pahala patupu, alisema Maryam.

— Basi kamuulize mwalimu mwenyewe jioni, alisema Antena, kwa ukali wa mtu aliyeshindwa. Akirudi kutoka Matemwe na Bi Hind wake.

— Mwalimu Hind hakwenda Matemwe. Yuko skuli, anatusubiri sisi kundi la mjini. Mwalimu Mansour kenda na Mwalimu Ahmada.

Hapo likasikika komeo.

Mlango ulifunguliwa nusu, kisha wote. Tahiya alisimama kizingitini, leso kichwani, mtoto begani, na wale watatu walinyanyuka kwa pamoja kama wanafunzi, na kikombe cha Wakili kikaenda chini.

— Bi Tahiya! alisema Antena. Lini... hatukujua kama umerudi.

— Najua kama hamkujua.

— Mtoto hajambo?

— Hajambo. Kasikia yote.

Hakuwatazama tena.

— Nioneshe karatasi yako, mwanangu.

Maryam alimpa. Maswali sita yalikuwa ya kupigwa chapa, na ya Mansour, aliyajua kwa jinsi anavyopenda kuandika "eleza kwa ufupi". La saba liliandikwa chini kwa kalamu ya buluu, kwa mkono, mwandiko mdogo uliosimama wima.

— Hili kaandika nani?

— Mwalimu Hind. Asubuhi hii. Basi la Matemwe lilipoondoka ndipo alipozikusanya karatasi zetu, akaliandika kwenye kila moja.

— Kwenye zote?

— Zote ishirini. Tukamwambia tutalinakili wenyewe, akakataa.

Tahiya aliutazama mwandiko ule. Ishirini. Mtu kakaa mezani kaandika swali lile mara ishirini, karatasi kwa karatasi, na kapeleka watoto ishirini katika mitaa ya mji, na hakujua jibu lingetoka mlango gani. Wivu ulikuwepo bado, haukwenda popote, ulikuwa pale pale chini ya mbavu kama kaa la moto. Lakini alimwona yule mwanamke kwa mara ya kwanza bila ya kicheko chake, na akamwona kakhofu: naye hakujua nani amwambie mke aliyepo.

— Nipe kalamu.

Alichutama, akaliweka daftari la msichana juu ya goti, mtoto kwenye mkono mwengine, akaandika. Hakuandika kwa muda mrefu. Maryam aliipokea karatasi akaisoma kwa sauti, hakuambiwa asome, ni mazoea ya skuli:

— "Mpaka leo mchana hajaambiwa na mtu yeyote. Njoo uniambie wewe. Kabla mume wangu hajarudi kutoka Matemwe."

Akanyanyua uso.

— Nimpe hivi hivi?

— Mpe mkononi. Na mwambie aje peke yake, asije na babaake.

Msichana alikunja karatasi, akaitia katikati ya daftari, akaondoka mbio mpaka kwa fundi cherahani akapotea. Antena alikohoa. Akasema wao pengine watapisha, kuna mambo, leo Jumatano, kila mtu na shughuli zake.

— Kaeni, alisema Tahiya. Mmezungumza tangu asubuhi.

Wakakaa. Yeye alikaa kizingitini, mlango wazi nyuma yake, akamhamishia mtoto ziwa la pili. Wakili, kwa sauti ya chini sana, aliuliza kama anaweza kupata kahawa nyengine, na Mahfoudh akaliinamisha dele, likatoa matone mawili na machicha.

— Imekwisha, alisema Mahfoudh.

Hakuna aliyenyanyuka.